Kipimo cha haraka au hadubini: kipi kinakufaa unapopima malaria?

Mgonjwa akirudi nyumbani kutoka maabara, swali la kwanza analokutana nalo ni kwamba amekutwa na ngapi. Naye hujibu kuwa ana malaria mbili, au wadudu watano, na wote waliopo huupima ukali wa ugonjwa kwa namba hiyo. Msemo huo ulizaliwa kwenye hadubini, ambako mtaalamu wa maabara huviona vimelea kwa macho yake na kuvihesabu. Siku hizi, hata hivyo, wagonjwa wengi wa nje katika zahanati na vituo vya afya vya Tanzania na Kenya hupimwa kwa kaseti ndogo ya plastiki, yaani kipimo cha haraka cha malaria, ambacho wahudumu hukiita mRDT, na kaseti hiyo haihesabu kitu: husema tu kwamba dalili ya vimelea imeonekana au haikuonekana. Ndiyo maana wako wanaoondoka na shaka kwamba hawakupimwa sawasawa, wakaenda kulipia hadubini mahali pengine, wakapewa jibu linalopingana na la kwanza, kisha wakabaki njia panda na vikaratasi viwili mkononi.

Msimamo wangu nautanguliza ili msomaji mwenye haraka asisumbuke. Kwa mtu mwenye homa ambaye hajatumia dawa ya malaria katika mwezi uliopita, na ambaye hana dalili za hatari, kipimo cha haraka kilichotunzwa vizuri kinatosha, na mara nyingi kinaaminika kuliko hadubini inayosomwa juujuu. Hadubini haina mbadala pale swali linapokuwa si kama malaria ipo au haipo, bali ni nyingi kiasi gani, ni ya aina gani, na kama inapungua baada ya matibabu.

Njia ya tatu, isiyotajwa

Kuna njia ya tatu ambayo wengi huifuata bila kuihesabu kuwa ni uamuzi, nayo ni kutopima kabisa. Mwili ukichemka na viungo vikiuma, mtu hupitia duka la dawa, akanunua dozi ya mseto, yaani vidonge vya kutibu malaria, na kuanza kumeza. Enzi ambazo karibu kila homa ya mtoto ilidhaniwa kuwa malaria, mazoea hayo yalieleweka. Lakini uchunguzi uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini-mashariki mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba, kati ya wagonjwa zaidi ya 4,000 waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali, waliokuwa na vimelea katika damu walikuwa chini ya nusu. Huko Moshi, miongoni mwa wagonjwa 870 waliolazwa na homa kati ya mwaka 2007 na 2008, zaidi ya nusu waliandikiwa kwamba wana malaria, ilhali waliothibitishwa kuwa nayo hawakufika hata 2 katika kila 100. Na watoto 1,005 wenye homa waliochunguzwa Dar es Salaam na Ifakara mwaka 2008 walikutwa na malaria kwa kiasi cha mmoja katika kumi tu. Zaidi ya nusu yao walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa.

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, awe mtoto au mtu mzima. Pendekezo hilo linazidi kuwa na uzito kadiri malaria inavyopungua: Tanzania Bara, kiwango cha maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano kilishuka kutoka asilimia 18 mwaka 2008 hadi asilimia 8 mwaka 2022, na maana yake ni kwamba homa nyingi zaidi za leo zina chanzo kingine, ambacho dozi ya mseto haikigusi.

Kinachotafutwa ndani ya tone la damu

Kipimo cha haraka hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta protini ambayo kimelea huimwaga katika damu, na iliyozoeleka zaidi ni ile iitwayo HRP2, inayotengenezwa na Plasmodium falciparum, kimelea kinacholeta sehemu kubwa kabisa ya malaria ya Afrika Mashariki. Tone la damu ya kidoleni huwekwa kwenye tundu moja la kaseti, kimiminika maalumu hudondoshewa kwenye tundu lake, na damu husafiri juu ya karatasi iliyopakwa kingamwili. Protini ikiwemo, hunaswa njiani na mstari hujitokeza penye herufi T. Mstari wa C kazi yake ni kuonyesha kwamba kaseti imefanya kazi. Usipotokea, jibu ni batili hata kama ule wa T umekolea. Mstari wa T ulio hafifu, alimradi umeonekana ndani ya muda uliowekwa, huhesabiwa kuwa chanya, wala hakuna kitu kinachoitwa malaria ndogo kwa sababu ya mstari kufifia. Muda huo kwa kawaida ni dakika 15 hadi 20, kutegemea maelekezo ya mtengenezaji. Niliwahi kuona kaseti ikisomwa baada ya mhudumu kurudi kutoka kunywa chai, karibu saa nzima tangu damu iwekwe, na kivuli cha mstari kilichochelewa kujitokeza kikaandikwa kuwa malaria. Kosa la namna hiyo hubebeshwa kipimo bure.

Kwa hadubini, damu hutandazwa juu ya slaidi kwa namna mbili. Tone nene hukusanya damu nyingi mahali pamoja, na chembechembe nyekundu hupasuka wakati wa kupaka rangi, hivyo hata vimelea vichache huweza kuonekana. Utando mwembamba huziacha chembechembe hizo zikiwa nzima, ili umbo la kimelea kilichomo ndani yake litambulike na aina yake ijulikane. Rangi inayotumika sana ni ya Giemsa, iliyobeba jina la mkemia wa Kijerumani aliyeiboresha mwanzoni mwa karne ya 20. Hukifanya kiini cha kimelea kiwe chekundu na mwili wake kuwa wa buluu. Kisha mtaalamu huketi, akatumia lenzi ya mafuta inayokuza mara 1,000, na hatakiwi kuandika kwamba hakuna vimelea kabla ya kupitia walau maeneo 100 ya tone nene. Alphonse Laveran, aliyekuwa wa kwanza kuviona vimelea hivi huko Constantine, Algeria, mwaka 1880, aliviona katika damu isiyopakwa rangi yoyote. Anayelalamikia foleni ya maabara na akumbuke hilo.

Sasa turudi kwenye ile malaria mbili, kwa sababu hapa ndipo wagonjwa wanapochanganyikiwa zaidi. Hesabu ya kawaida hufanywa kwa kulinganisha vimelea na chembechembe nyeupe 200. Kwa kuwa huchukuliwa kwamba mikrolita moja ya damu ina chembechembe nyeupe 8,000, idadi ya vimelea huzidishwa kwa 40. Aliyekutwa na wadudu watano, basi, ana vimelea takriban 200 katika kila mikrolita ya damu, wala si watano mwilini mwake kote kama baadhi yetu tunavyofikiri. Lakini zipo maabara zinazoandika kwa alama za kujumlisha, na huko alama mbili humaanisha vimelea kati ya 11 na 100 katika maeneo 100 yaliyotazamwa, kiasi ambacho kinaweza kuwa mbali kabisa na wadudu wawili wa hesabu ya kwanza. Watu wawili wanaweza kukaa baraza moja, kila mmoja akisema ana malaria mbili, na wakawa hawazungumzii kitu kimoja. Zaidi ya hapo, namba peke yake haitoshi kueleza ukali. Vimelea vya falciparum vilivyokomaa hujishikiza katika mishipa midogo ya ubongo na viungo vingine, visionekane katika damu ya kidole, kwa hiyo mtoto mwenye vimelea vichache kwenye slaidi anaweza kuwa mahututi, wakati mtu mzima aliyekulia eneo lenye malaria nyingi anaweza kuwa na maelfu na bado akaenda shambani.

Usahihi: wa kifaa na wa macho

Kwenye karatasi hadubini inashinda. Mtaalamu mahiri mwenye slaidi safi anaweza kuviona vimelea vikiwa 50 katika mikrolita, pengine hata chini ya hapo, ilhali kipimo cha haraka hutegemewa zaidi vimelea vinapofika kati ya 100 na 200. Tofauti hiyo haina uzito mkubwa kwa mtoto mwenye homa kali ambaye kwa kawaida ana maelfu. Ina uzito kwa mtu anayetoka sehemu isiyo na malaria, ambaye mwili wake haujaizoea na anaweza kuugua sana vimelea vikiwa bado vichache.

Katika kituo cha kawaida mambo hubadilika. Vumbi, mabaki ya rangi isiyochujwa na hata chembe sahani za damu zimewahi kuhesabiwa kuwa vimelea na macho yaliyochoka au yasiyofundishwa vya kutosha. Slaidi nene hutaka muda wa kukauka, kisha dakika 10 hadi 15 za rangi iliyokolea, au nusu saa na zaidi kwa rangi nyepesi, na baada ya hapo ndipo kusoma kuanze. Ukipewa majibu ya hadubini dakika kumi baada ya kutobolewa kidole, una haki ya kuuliza kwa upole yamepatikanaje. Kipimo cha haraka kina faida kwamba hakichoki, hakitegemei umeme, na majibu ya zahanati ya kijijini hayatofautiani sana na ya hospitali ya mkoa, mradi kaseti imetunzwa na kutumiwa inavyotakiwa. Kwa hiyo, kama huijui maabara wala anayesoma slaidi, ningekushauri uchague kaseti.

Mgonjwa aliyekwisha kumeza dawa

Hapa kipimo cha haraka huangusha wengi. HRP2 haiondoki katika damu siku vimelea vinapokufa. Hubaki kwa majuma mawili hadi manne, na wakati mwingine zaidi. Mama aliyempa mtoto dozi kamili ya mseto, akamrudisha siku ya kumi kwa sababu homa imerudi, anaweza kuonyeshwa mstari wa T uliokolea vizuri, mtoto akapewa dozi ya pili, na nimonia au homa nyingine iliyomleta ikaendelea bila tiba. Katika hali hiyo omba hadubini, na mweleze mhudumu tarehe ambayo dozi ya mwisho ilimezwa. Zipo kaseti zinazotafuta protini nyingine, pLDH, ambayo hutoweka mapema zaidi vimelea vikifa, lakini usidhani kwamba kituo chako kinazo, uliza.

Hadubini nayo ina mtego wake baada ya tiba. Mtaalamu anaweza kuona vimelea vya hatua ya uzazi, ambavyo kwa falciparum vina umbo la ndizi, majuma kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Vimelea hivyo humwambukiza mbu, havileti homa, na kuonekana kwavyo peke yake si ushahidi kwamba dawa imeshindwa. Ripoti inayosema tu "vimelea vimeonekana" bila kutaja ni vya hatua gani haimsaidii daktari katika swali hili.

Kabla ya kuilaumu dawa, ni vizuri pia kukumbuka jinsi ilivyomezwa: ALu, ambayo ndiyo mseto unaozungumziwa hapa, ni dozi sita kwa siku tatu, ya pili ikifuata saa 8 baada ya ya kwanza, na hufyonzwa vizuri zaidi ikimezwa na chakula chenye mafuta au maziwa.

Dalili za hatari, ujauzito na safari

Mgonjwa akiwa na degedege, amepoteza fahamu, anapumua kwa shida, anatapika kila anachopewa, amepauka viganja au anakojoa mkojo mweusi, mjadala wa kipimo gani ni bora hauna nafasi. Kaseti ifanywe papo hapo ili sindano ya artesuneti, dawa ya malaria kali, ianze bila kuchelewa, na slaidi ichukuliwe wakati huohuo ili isomwe baadaye. Slaidi ndiyo itakayoonyesha kama vimelea vimevamia zaidi ya asilimia 10 ya chembechembe nyekundu, kiwango kinachohesabiwa kuwa malaria kali hata pasipo dalili nyingine, na slaidi za siku zinazofuata ndizo zitakazoonyesha kama vinapungua. Kwa kaseti huwezi kufuatilia hayo, kwa kuwa itabaki chanya mgonjwa akipona na asipopona.

Kwa mjamzito mizani huelemea upande wa kaseti kidogo. Vimelea hupenda kujificha katika kondo la nyuma, slaidi ya damu ya kidole ikatoka safi, lakini protini yake huzunguka mwilini na kaseti inaweza kuinasa. Hakuna kati ya hivyo viwili kisichokosea, na hiyo ni sababu mojawapo ya vidonge vya SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, kutolewa kliniki kuanzia miezi mitatu ya pili ya ujauzito, kwa kupishana walau mwezi mmoja, bila kusubiri jibu la kipimo, pamoja na chandarua chenye dawa.

Aliyetoka safari ana hesabu mbili za kufanya. Ya kwanza ni ya siku: tangu mbu amuume mtu hadi homa ya malaria ianze hupita walau siku saba, kwa hiyo homa ya siku ya tatu baada ya kufika Kisumu au Lindi haikutokana na mbu wa huko. Ya pili ni ya mahali. Kuna vimelea vya falciparum vilivyopoteza jeni la kutengeneza HRP2, na hivyo kaseti ya kawaida haivioni hata vikiwa vingi. Viliripotiwa kwanza katika eneo la Amazon nchini Peru mwaka 2010, na baadaye vikawa tatizo kubwa Eritrea, Djibouti na Ethiopia. Shirika la Afya Duniani hushauri nchi ibadilishe aina ya kaseti pale vimelea hivyo vinaposababisha zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa kukosa kutambuliwa. Pembe ya Afrika ina pia Plasmodium vivax, ambayo kaseti ya falciparum pekee haiwezi kuiona. Aliyekaa maeneo hayo akarudi na homa asiridhike na kaseti hasi. Aende kwenye hadubini.

Kwa anayeanzisha maabara ndogo

Wanaouliza kipi ni nafuu hupata jibu kulingana na idadi ya wagonjwa. Kila kaseti hutumika mara moja na kutupwa, kwa hiyo gharama yake hupanda sambamba na wateja. Hadubini hudai fedha nyingi mwanzoni, kisha slaidi moja moja huwa ya bei ndogo, lakini usisahau mshahara wa mtu anayejua kusoma, lenzi zinazoota ukungu maeneo ya pwani, na rangi iliyochanganywa ambayo hupoteza nguvu ndani ya siku hiyohiyo na haifai kuachwa hadi kesho. Kwenye kaseti adui ni joto na unyevu: nyingi hutakiwa kukaa chini ya nyuzi 30 au 40 kulingana na maandishi ya kwenye boksi, na stoo yenye paa la bati isiyo na dari hupita hapo mchana wa kiangazi bila mtu kujua. Pakiti ikishafunguliwa, kaseti itumike mara moja.

Jibu likiwa hasi

Kipimo chochote hakina faida kama jibu lake halifuatwi. Bado kuna wagonjwa wanaoambiwa hawana malaria na kuondoka na mseto mfukoni "kwa tahadhari", na mara nyingine shinikizo hutoka kwa mgonjwa mwenyewe. Jibu hasi linamtaka mhudumu aendelee kutafuta: kikohozi na upumuaji wa haraka kwa mtoto, mkojo, masikio, homa ya matumbo, au kidingapopo (dengue), iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019 na kuwachanganya wengi waliojua homa moja tu. Homa ikiendelea na chanzo kisionekane, kipimo cha malaria hurudiwa baada ya saa 12 hadi 24, na kwa hadubini huweza kurudiwa hadi mara tatu, kwa sababu vimelea vilivyojificha leo huweza kuonekana kesho.

Zanzibar, ambako maambukizi yameshuka chini ya asilimia 1, jibu chanya ndilo lenye kishindo: mgonjwa mmoja akithibitishwa, watu wa afya humfuata hadi nyumbani na kuwapima anaoishi nao. Na kwa ndugu zetu waliokwenda likizo nyumbani kisha wakarudi Muscat, London au Minneapolis, ugumu ni kumfikisha daktari kwenye wazo la kupima malaria, kwani huko huenda asiiwaze homa hiyo kabisa. Homa ikikupata ndani ya miezi mitatu baada ya safari, taja nchi uliyotoka kabla hujaulizwa, omba upimwe siku hiyohiyo, na uombe kaseti na slaidi kwa pamoja, kwa sababu wao watahitaji kujua aina ya kimelea na wingi wake kabla ya kukuruhusu kurudi nyumbani na vidonge.